Mtihani wa Ghorofa ya Tatu

Dokta akishafunga mlango wa mtihani, hata nzi aliyechelewa alibaki nje akisubiri muhula ujao.

Asubuhi hiyo, chuoni Chamazi, mlango uligongwa.

"Rudi ukalale!" Dokta akafoka. Darasa zima likacheka.

Ukagongwa tena. Akaufungua kwa hasira.

Alikuwa Eufrazia, mshauri wa wanafunzi, peku, jasho likimchuruzika kidevuni. Mgongoni amembeba msichana aliyepooza miguu, kalamu mdomoni. Wiki iliyotangulia Eufrazia alimwomba Dokta ahamishie mtihani ghorofa ya chini. "Hizo ishu za ofisi yako, mama," Dokta alijibu. "Mie nafundisha."

Msichana akatoa kalamu. "Shikamoo, Dokta. Ngazi zimetuchelewesha."

Kicheko kikakatika. Dokta akashusha macho kwenye miguu peku ya Eufrazia.

"Mwitikie basi," Eufrazia akahema, "nijue kama namshusha au narudi naye."