Mnazi wa Salwa

Kinu kile kile cha kutwangia mchele, leo Asiya alikuwa akitwangia makaa. Majirani wa kijiji cha Mwabungo waliopita uani walisema, "Makubwa haya!" wakaenda zao. Asiya aliendelea kutwanga. Vumbi jeusi lilimjaa usoni, na machozi yakachora mistari mashavuni.

"Mama Salwa, walia?" mumewe, Abdulrahim, aliuliza.

"Vumbi la makaa tu, Baba Salwa. Nipe huo ungo."

Makaa yale yalikuwa dawa ya mnazi. Salwa alipozaliwa, kitovu chake kilizikwa pale uani na mnazi ukapandwa juu yake, kama desturi ilivyo. Mtoto na mti wake wakakua pamoja, na watu husema hali ya mmoja ndiyo hali ya mwenziwe, hata Salwa akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Mwaka huu makuti yalianza kugeuka manjano na kuinama. Nani asingetishika?

Kanyiva, jirani yao kutoka Ukambani, ndiye aliyemfundisha Asiya kutia makaa udongoni. Mara ya kwanza, kwa pupa, Asiya aliyamwaga makavu shinani. Mti ukazidi kudhoofu.

"Makaa makavu yana njaa, Mama Salwa," Kanyiva alimwambia. "Yatauibia mti wako chakula. Yaloweke kwanza kwa samadi na mkojo wa mbuzi, wiki mbili."

Abdulrahim alibeba samadi. Alikinga mkojo wa mbuzi kwa kopo, mzee mzima! Kisha huyo kuoga na kubadili nguo kabla ya kwenda kuswali, kila siku, bila kunung'unika.

Moyoni alikuwa akiungua. Katikati ya Ramadhani, mpwawe Tofiki alimpigia simu kutoka huko huko Uarabuni: Salwa aliugua siku tatu, akafariki, wakamzika, na yeye Tofiki kapata habari kwa kuchelewa. Abdulrahim alishindwa kumwambia mkewe. Angeanzia wapi? Kila alipofungua kinywa alimwona Asiya na mchi mkononi, akayameza maneno yake. Mnazi ukiishi, alijiambia, na Asiya ataishi. Alimshukuru Mungu kwamba siku hizi mkewe hakuwa akiulizia tena kama Salwa amepiga simu.

"Kula, Baba Salwa," Asiya alimbembeleza kila jioni. "Wewe una presha. Mti utapona, inshallah."

Na kweli ukapona. Baada ya miezi mitatu, kuti bichi lilichomoza katikati ya yale makavu, limesimama wima. Asiya alipiga kigelegele kimoja, kifupi, akachukua ndoo kwenda kisimani.

Abdulrahim hakuweza tena. Kanyiva alikuwa amekuja kuutazama mti; Abdulrahim akamvuta kando.

"Jirani, furaha ile itakuja kumwua. Nisaidie kumwambia. Salwa wetu hayupo tena duniani."

Kanyiva alikaa chini pale pale, kwenye vumbi.

"Kumbe unajua, mzee? Mama Salwa alipigiwa simu na waajiri wa Salwa hata kabla hamjaanza kufunga. Aliniambia, 'Kanyiva, nitafutie dawa yoyote ile. Mti huu ukifa, mume wangu atajua, na moyo wake hautastahimili.'"

Asiya akaingia uani, ndoo kichwani.

"Baba Salwa, walia?"

Abdulrahim aliinama, akaokota mchi.

"Vumbi la makaa tu, Mama Salwa."