Pini ya Konokono

Pini ya urembo ya mwaka huu ilikuwa na umbo la konokono. Mama aliikuta asubuhi kwenye kapu la uzi, imechomekwa kwenye sweta aliyoiacha nusu, rangi zake zinang'aa kama sahani mpya. Na kwenye sindano ya kufumia palikuwa na mistari miwili ambayo hakuifuma yeye.

Aliitazama akatabasamu. Vitanzi vyote vimepinda kinyume, kama alivyovipinda marehemu binti yake. Mtoto alikuwa mashoto, na alijifunza kufuma akiwa amekaa mkabala na mama yake, basi kila kitu akakichukua upande usio wake. Kurekebishwa alikataa katakata.

Yeye ndiye aliyeanzisha mambo haya. Siku alipotimiza miaka kumi alimletea mama yake pini ya urembo ya kondoo, akasema mfumaji bila kondoo ni mpishi bila moto. Akaahidi mnyama mwingine kila siku yake ya kuzaliwa. Homa ikamchukua kabla mwaka haujaisha. Siku ilipofika, kapuni kulikuwa na pini ya paka. Mwaka uliofuata bundi, kisha kobe, kisha sungura, hivyo hivyo miaka mingi.

Mama hakuwa mtoto mdogo. Alijua ni mumewe. Kilichomshangaza ni jinsi fundi bomba yule, na vidole vyake vinene, alivyojifunza kufuma kwa siri, tena kwa makosa yaleyale. Akanyamaza. Mtu anayehangaika hivyo na huzuni yake, unaanzaje kumwambia umemgundua? Kila mwaka alimwonyesha pini, naye mzee aligeuza uso afute macho.

Kwa ajili hiyo Mama alikuwa akimkatalia mdogo wake, aliyewaita mara kwa mara wahamie kwake. Aliogopa kwamba mzee akitolewa kwenye nyumba ya mtoto, hatamaliza mwezi. Lakini magoti ya wote wawili yalikuwa yameshindwa na ngazi, na leo lori lilikuwa limekuja. Tangu alfajiri roho yake ilikuwa juu juu.

Aliichomoa pini, akaliacha kapu kwenye dirisha la chumba cha mtoto, akaenda sebuleni. Mumewe alikuwa amekaa juu ya sanduku la mwisho.

Mzee aliipokea ile pini, akaigeuzageuza kiganjani.

"Mama," akasema taratibu, "hii iwe ya mwisho. Sihitaji kubembelezwa tena."

"Kubembelezwa na nani?"

"Na wewe. Nimejua tangu ile ya paka. Nilinyamaza kwa sababu niliona inakupa nguvu." Akacheka kidogo. "Mpaka makosa yake ukayafuma. Mimi hata sindano yenyewe sijui inashikwaje, lakini yale niliyatambua."

Mumewe alimshika mkono.

"Twende zetu. Humu nilibaki kwa ajili yako tu."

Nje dereva alipiga honi. Mzee akajikongoja kushuka ngazi, na Mama akarudi chumbani peke yake kuchukua kapu.

Alikuwa ameacha mistari miwili. Sasa ilikuwa mitatu, na wa nne ulikuwa umefika katikati.