Usaili wa Kijana Aliyeko Mwanza

Farhan alikuwa Mwanza kikazi tangu Jumatatu, kwa hiyo shangazi yake ilibidi agonge polepole mlango wa stoo ya mashuka, hapo Bagamoyo, alipomletea chai.

"Kunywa," alinong'ona Bi Sihaba, mwenye gesti. "Mzee wa chumba namba saba, hapa pembeni, kairudisha mara mbili. Eti tangawizi inamkwangua koo."

"Shangazi, dakika tano tu naingia hewani!"

"Ingia. Nimekuzuia?"

Ukweli ni kwamba Mwanza yenyewe Farhan aliijua kwa taarifa za hali ya hewa. Usaili wa shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme na elektroniki ulifanyika Dar siku hiyo ya Jumatatu, ana kwa ana, saa mbili asubuhi. Saa mbili asubuhi Farhan alikuwa anaota ameshapasi. Alipoamka saa nne akaandika barua pepe ya kuliza mawe: yuko Mwanza, juu ya nguzo, mradi mkubwa, mtandao wa shida. Profesa Abdulswamad akamhurumia, akampa Jumamosi hii, kwa video.

Nafasi yenye ufadhili ilikuwa imebaki moja. Na shangazi alishatoa tamko: akiikosa, kuanzia kesho yeye ndiye mfua mashuka wa gesti. Vyumba vyote tisa, na vyandarua vyake.

"Kwani utasomea tawi lipi?" Bi Sihaba akauliza. Hajatoka.

"Yapo matatu. Mifumo mikubwa ya umeme, mawasiliano, au mitambo inayojiendesha yenyewe."

"La kufufua friji langu ni lipi hapo?"

"Hakuna, Shangazi."

"Na ile miaka minne ya shahada ya kwanza?"

"Hata hiyo, hakuna."

Bi Sihaba akaondoka anaguna. Ukumbini luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa inalia ti-ti-ti, inaomba chakula, na hakuna aliyeijali.

Farhan akatundika shuka jeupe nyuma yake ili paonekane maabara. Akavaa shati na tai. Chini akabaki na kikoi, maana Mwanza yote ilianzia kifuani kwenda juu. Hedfoni zilikuwa zimekufa upande mmoja. Akachomeka uliobaki hai.

Profesa akatokea, uso kama mtihani. Nyuma yake palijaa vitabu hadi darini, na kila alipogeuza kichwa, vitabu vilimmeza sikio.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Mimi nipo ofisini kwangu, chuoni. Huko Mwanza vipi?"

"Ziwa limetulia, Profesa."

"Umechagua tawi gani?"

"Mawasiliano. Napenda sana kumfikia mtu aliye mbali."

Hapo hapo muuza matunda akapita kichochoroni na toroli lake: "Mananasi! Mananasi ya Kiwangwa, sukari tupu!"

Farhan akaziba kompyuta kwa kiganja. Kachelewa. Profesa, aliyekuwa ameshageukia dirisha lake, akarudisha macho kwenye kioo.

"Mananasi ya Kiwangwa, ya Pwani, yamefika Mwanza?"

"Yamefika, Profesa. Siku hizi barabara nzuri."

"Hm." Profesa akaandika kitu. Farhan akaanza kuhesabu mashuka.

Kisha jogoo wa Bi Sihaba akawika uani. Akanyamaza. Akawika tena, safari hii ndani ya hedfoni.

"Na maabara yenu inafuga?"

"Ni king'ora cha usalama, Profesa. Umeme ukizidi, kinawika."

Profesa akanywa funda kutoka kikombe chake, akakunja uso na kukisukuma kando.

"Sikia, kijana. Nina swali la mwisho, na halimo kitabuni. Tangu tuanze, kila ninachosema kinanirudia."

"Hata mimi, Profesa. Najisikia mara mbili."

"Basi niambie, mwangwi huu unatoka wapi? Umeomba mawasiliano, haya, wasiliana."

Farhan akakaza tai. Akawaza vyandarua. Halafu elimu ikampanda.

"Ni umbali, Profesa! Sauti yako inatoka huko chuoni, inakata zaidi ya kilomita elfu moja, inapita mitambo kadha wa kadha mpaka inifikie. Njiani, kila ukinzani usipolingana, sehemu ya mawimbi inagonga na kurudi ilikotoka. Mimi na wewe tungekuwa jirani, huu mwangwi tusingeusikia kabisa."

"Umbali!" Profesa akapiga meza kwa furaha, na huku stoo shuka moja likadondoka kutoka kwenye rafu. "Umbali! Ndicho nilichokuwa nakiwaza tangu mwanzo! Nimesaili watu kumi na tisa, nikawauliza mwangwi wa simu hutoka wapi, mmoja akaniambia nizime redio. Kijana, nafasi hii ni ya..."

Luku ikanyamaza. Feni ikasimama, mtandao ukafuata, na Profesa akaganda kwenye kioo, mdomo wazi.

Farhan akaikamata kompyuta kwa mikono miwili. Ni ya nani? Ya nani, Profesa? Akaitikisa. Akaipuliza. Akataka kumpigia shangazi yake ukelele, akakumbuka yuko Mwanza, akajiziba mdomo.

Ndipo ukuta wa namba saba ukagongwa ngumi tatu.

"Bi Sihaba! Luku, mama, luku! Kuna kijana wa watu yuko Mwanza, hajasikia kama amepita!"