Sindano ya Bega

Kidole gumba kilizama chini ya bega la kushoto, kikasimama penye fundo gumu kama kokwa. Mshonaji akakaza meno.

“Hapo?” daktari kijana aliuliza.

“Hapohapo, mwanangu. Hapo ndipo penyewe.”

Ilikuwa mara ya kwanza kwa daktari yeyote kumgusa. Katika hospitali tatu zilizotangulia walisoma majibu ya vipimo, wakamwambia yako safi, wakampa vidonge na kumrudisha nyumbani. Wifi yake alikwisha kutoa hukumu: ugonjwa huo unaitwa uvivu, na huzidi vyombo vikiwa vichafu. Asubuhi hiyo mikono haikuinuka. Binti yake ndiye aliyemfunga vifungo vya blauzi. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka tangu mwaka jana.

Nafasi ya leo alitafutiwa na shemeji yake, dereva wa chuo cha udaktari.

“Nenda, shemeji. Unataka kusikilizwa? Pale wanasikiliza mpaka utachoka wewe.”

Kweli, kijana alisikiliza. Aliuliza habari za usingizi, za uchovu, za maumivu yanayohama kutoka shingoni hadi kwenye nyonga. Alinawa mikono, akavaa glovu, akayataja mafundo kwa sauti, moja baada ya jingine, huku mzee mwenye miwani, aliyekaa kwenye kiti cha kona, akiitikia kwa kichwa.

“Mama, maumivu yako ni ya kweli,” kijana alisema. “Yako kwenye misuli, na vipimo vya damu haviyaoni. Nitakuchoma sindano ya ganzi kwenye fundo lenyewe. Haiponyi ugonjwa, ila itakupunguzia kwa wiki kadhaa.”

Mshonaji aligeuza uso ukutani asionekane akilia. Hata wiki moja ingetosha kuifunua cherehani. Pamba yenye spiriti ikapita begani, baridi. Akashusha pumzi, akangoja.

Kengele ikalia.

“Muda umekwisha,” mzee alisema, akisimama. “Umefaulu, kijana. Sindano irudishe kwenye trei. Hatuwachomi waigizaji wanaotuigizia wagonjwa.”

“Siigizi, daktari,” mshonaji alisema.

Mzee alicheka hadi akavua miwani. “Huyu mama ni hatari! Kengele imelia, yeye bado anaumwa. Haya, mtahiniwa anayefuata aingie.”