Jicho la Mama na Mkalimani wa Simu

"Shikamoo, mama," sauti ilisema kwenye simu iliyolazwa mezani, kisha ikashikwa na kikohozi.

"Marahaba, mwanangu. Kunywa maji kwanza, hatukimbizwi."

Afisa wa ofisi ya misaada, kijana mpole mwenye tai iliyopinda, alisubiri kikohozi kipite. Hakujua lugha ya mama, wala mama hakujua yake, ndiyo maana ofisi ilipiga simu kwa mkalimani. Jamaa wa mwombaji hawaruhusiwi kutafsiri, kwani hupenda mno kutia chumvi. Mkalimani yeye huapa: haongezi, hapunguzi.

Mama alikuja nchi ile kuishi na binti yake. Jicho la kulia lilikwisha kuzibwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilianza kufuata. Serikali ingelipia upasuaji kwa sharti moja tu: ithibitike kwamba binti, aliyetia sahihi kuahidi kumtunza mzazi wake, hamudu gharama. Na binti alikuwa amekataa katakata. "Usiende kunianika kwa watu, mama. Nitalipa mwenyewe." Mama akaitikia sawa, akangoja binti aondoke kwenda kwenye hiyo kazi yake isiyoelezeka, akavaa viatu, akaja.

"Binti yako anakutunza?" afisa aliuliza, na simu ikatafsiri.

"Ananitunza kupita kiasi, hilo ndilo tatizo. Nyama ananipa mimi, yeye anadai ameshakula kazini. Muongo! Kazini hali. Nikitoka mezani namsikia jikoni anakwangua ukoko kwenye sufuria. Viatu vyake vimeachama mpaka vidole vinachungulia. Mimi sioni vizuri, lakini si kipofu."

Simu ikatoa sentensi moja, fupi mno.

Mama akainua kidole. "We mkalimani! Nimekupa gunia zima, mwenzangu umempa kibaba? Si uliapa hupunguzi? Rudia. Na sufuria uitaje."

Mkalimani akarudia. Safari hii alisema yote, ya nyama, ya viatu na ya sufuria, na sauti ilianza vizuri ikaishia kukwamakwama. Afisa aliacha kuandika, akaitazama simu.

"Binti mwenyewe anajua kwamba umekuja kusema haya?"

"Atajua tu. Nyumbani nikifungua mdomo ananiziba: mama niko sawa, mama usijali. Mwambie afisa kwamba nampenda sana mwanangu. Kumwona anajimaliza kwa ajili yangu kunaniuma kuliko hili jicho. Nikipofuka nitazoea. Yeye akianguka, nitamzoea nani?" Akaisogelea simu. "Tafsiri hayo polepole, mwanangu. Usiruke."

Mkalimani alitafsiri polepole, hakuruka. Mwishoni ukasikika mlio wa mtu anayepenga kamasi.

Afisa alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Alisoma tena alichoandika, akaguna, akagonga muhuri. Mkalimani akapenga tena, ndipo akalitoa neno lenyewe: upasuaji umekubaliwa, wa macho yote mawili.

Mama alimshukuru Mungu kwa sauti. Vidole vyake, vilivyokuwa vimeng'ang'ania ukingo wa meza tangu aketi, vikalegea.

Afisa akanyoosha mkono kukata simu. Mama akamzuia, akainama mpaka mdomo ukakaribia kuigusa.

"Asante sana, mkalimani. Ukitoka kazini pitia vitunguu, nyumbani vimeisha."

"Amesema nini?" afisa aliuliza.

Simu ikakohoa.

"Anashukuru."