Kuku wa Kamati

Kamati ya kuwafariji wagonjwa ilimletea Mzee Ngasa, mgonjwa wa figo, vipande viwili vya sabuni, kisha ikajikalia kungoja chakula. Wageni saba na afya zao. Mkewe, Nyamizi, akamkamata kuku wao pekee, ambaye mayai yake ndiyo yaliyokuwa nauli ya kliniki kila mwezi.

"Usijisumbue, mama," alisema mwenyekiti, huku akinawa mikono.

Kwenye mchuzi yalielea mayai machanga, ya manjano, hayajapata hata ganda. Mwenyekiti aliyachota yote. "Haya ndiyo matamu."

"Mmeshiba?" Nyamizi aliwauliza walipokuwa wakiaga. Walicheka, wakichokonoa meno.

Walipotokomea, alizichukua sabuni zao, akaziweka kwenye kiota cha yule kuku, kisha akasimama pale akizitazama.