Kete za Mke wa Nungunungu

Wanyama wa porini walicheza sataranji kinyume: mshindi alikuwa yule ambaye kete zake zote zimeliwa kwanza. Kete iliyoliwa ilikuwa mali ya aliyeila, na aliyekubali kurudishiwa hata moja alihesabiwa ameshindwa.

Nungunungu alikuwa bingwa. Kete zake zote za zamani zilikwisha kwa kushinda, hivyo siku ya fainali alikuja na zile alizochongewa na marehemu mkewe, kwa meno, akiwa hoi kwa maradhi. Alizitoa moja baada ya nyingine, umati ukishangilia, mpaka akabaki na mfalme. Akamsogeza mbele ya mpinzani wake, Pimbi, mpole ambaye hajawahi kutwaa ubingwa. Pimbi akamla, maana sheria ilimlazimu.

"Bingwa! Bingwa!" umati ukalipuka.

Pimbi alimgeuza mfalme kiganjani, akaona alama za meno.

"Shemeji," akasema taratibu, "hii ni kazi ya marehemu dada. Mchukue, tafadhali."

Nungunungu akanyoosha mkono. Kelele zikakatika, macho yote yakamtazama. Akaurudisha mkono.

"Kaa naye. Mchezo ni mchezo."

Wakashangilia upya, wakamkimbilia wambebe juu. Miiba ikawachoma, wakarudi nyuma wakilamba vidole, kisha wakatawanyika. Aliyejua kumkumbatia Nungunungu bila kuchomwa alikuwa mmoja tu, na alama za meno yake zilikuwa zikitokomea njiani, mkononi mwa Pimbi.